Aliyekalia Kipaza Sauti

Watu wa bandarini walimwita Mama Rudia, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Ukitaja jina la boti yako mbio mbio redioni, atakuambia rudia. Ukisema ulipo kwa kukisia, rudia. Kwa miaka kumi na tisa alikaa katika chumba cha kituo cha redio cha bandari, ghorofa ya pili, juu ya ghala la forodha, mbele yake redio mbili, simu na kitabu cha zamu, na hakuwahi kuandika humo neno asilolisikia. Binti yake alimcheka nyumbani: "Mama, hata ukiombwa chumvi unauliza mara mbili." Naye hujibu kwamba chumvi haijamzamisha mtu.

Chaneli ya kumi na sita ni ya kuitana na ya kuombea msaada. Si baraza. Lakini manahodha wengi, watu wazima wenye wake na heshima zao, walikuwa wameigeuza kijiwe cha soga, na kinara wao alikuwa nahodha wa boti ya mizigo aitwaye Kasuku. Mama Rudia alimkanya mara nyingi. Kumkanya Kasuku ni kumpigia mbuzi gitaa.

Siku moja saa tisa alasiri, upepo ukivuma, sauti iliingia: "Pan-pan, pan-pan, pan-pan." Maana yake, nina shida ya haraka lakini roho haijawa hatarini. Alikuwa nahodha wa boti ndogo aliyekuwa akiwarudisha mafundi rangi sita kutoka kupaka mnara wa taa. Injini imezimika, akasema, na kuna maji kidogo yanaingia.

"Kidogo kiasi gani, kaka? Pampu inayamudu?"

"Inajitahidi, dada."

"Sikuuliza juhudi zake. Maji yanapungua au yanapanda?"

"Yanapanda."

"Basi hiyo si pan-pan, roho ziko hatarini. Ita meidei."

"Dada, wenzangu wote wananisikia. Nitachekwa mpaka uzeeni."

"Ili ufike huo uzeeni, ita meidei."

Haya imewazamisha wengi kuliko mawimbi. Mtu huona afadhali afe na sifa yake kuliko aishi akitaniwa gatini, kana kwamba sifa itawalea watoto atakaowaacha. Huyu, tumshukuru, aliimeza fahari yake. Akaita meidei mara tatu, akataja boti, akasema roho ni saba, kisha: "Tuko maili nne kutoka mnara wa taa, upande wa..."

Hapo chaneli ikajaa kicheko.

"...nakwambia, fundi, yule Mama Rudia akifa, malaika watamuuliza jina lake, naye atawaambia warudie!"

Alikuwa Kasuku, akipiga soga na fundi wake wa injini. Kipaza sauti alikuwa amekitupa kitini, kisha akakikalia. Kitufe kilibonyea, boti yake ikawa inarusha kila neno, na redio inayorusha haisikii. Mama Rudia aliita, Kasuku hakusikia. Aliwaambia wa meidei wahamie chaneli nyingine; huko nako kukawa kimya, kwa kuwa Kasuku alikuwa karibu nao kuliko yeye, na kicheko kiliifunika sauti yake. Maili nne, upande gani? Boti ya uokoaji ilikuwa gatini injini zikinguruma, haijui pa kuelekeza pua.

Akampigia Kasuku simu. Akaisikia ikilia redioni, mbele ya bahari nzima.

"Ni wale wa kituo," Kasuku akasema. "Wanataka kunihubiria. Waache walie."

Simu ikakatwa. Mama Rudia hakupoteza muda kukasirika. Alifungua jalada la boti, akatafuta jina la ndugu wa kuarifiwa, akampigia mke wa Kasuku, mwalimu wa shule ya msingi. "Shemeji, mumeo amekalia kipaza sauti na kuna watu wanazama. Mwambie ainuke." Mwalimu hakuuliza la pili.

Redioni simu ikalia tena. "Ndiyo, mke wangu... Nipo kazini, mama... Nimekalia nini?... Lo!"

Chaneli ikanyamaza.

"Vituo vyote, kimya kwa ajili ya meidei," alisema Mama Rudia. "Boti ya mafundi rangi, maili nne upande gani?"

Hakuna kitu. Akauliza tena. Mara ya tatu sauti ikatoka, imechoka:

"Kaskazini, dada. Kaskazini mwa mnara. Maji yako magotini."

"Kituo, hapa Kasuku." Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Nawaona. Niko nao karibu, dakika kumi."

"Nenda. Nakuletea boti ya uokoaji nyuma yako."

Saa kumi na moja kasorobo Kasuku alipanda ngazi za kituo, kofia mkononi, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Dada yangu, lile jina langu kitabuni... Mwenye boti akilisoma sina kazi. Na watu si wamepona?"

"Wamepona. Ungeinuka dakika ishirini baadaye ningeandika nini?"

Mama Rudia akamgeuzia kitabu asome mwenyewe. Mstari mmoja ulimtaja kwa jina, ukasema aliziba chaneli kwa dakika saba kwa uzembe. Mwingine ulisema nahodha huyohuyo aliwatoa watu katika boti inayozama, wa mwisho akimbeba mgongoni.

"Yote mawili ni kweli," alisema. "Siwezi kufuta moja nikabakiza jingine."

Kasuku alisoma polepole, midomo ikicheza. "Haya," akasema. "Kama yote yapo, yaache."

Mama Rudia alikwenda dirishani. Watu walikuwa wakishuka gatini wamejifunika mablanketi, mmoja wao bado ameshika brashi. Alikuwa ameshaambiwa idadi yao redioni, lakini hakuwahi kufunga mwito wa meidei kwa macho ya mwingine. Akawahesabu kwa kidole kwenye kioo. Saba. Akarudi kitini, akabonyeza kitufe, akavitangazia vituo vyote kwamba meidei imekwisha, na bahari ikaruhusiwa kusema.