Karani Aliyeonja Majina

Karani wa vizazi pale Élisabethville hakuandika jina lolote kabla ya kulionja. Alifumba macho, akalinong'ona mara tatu, akaeleza maana yake, ndipo akachovya kalamu. Sauti yake haikuvuka meza. Mimi, msaidizi wake niliyekaa karibu naye, nilimsikia kama mtu asemaye ndotoni. Akimaliza, aliupuliza wino taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto.

Oktoba 1961, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, maua ya jakaranda yakidondoka dirishani, aliingia mama Mkasai, wa ukoo uliotoka jimbo la Kasai, akitokea kambi ya wakimbizi, mtoto mgongoni. Alitaka mtoto aandikwe Gershomu.

"Ile jina iko ya Kiebrania, ya mutoto wa Musa," karani akanong'ona. "Maana yake, mugeni kule. Niliiandika mara moja tu. Bantu bote banapenda Antoine."

"Miye nilizaliwa hapa, baba," mama akasema. "Na mutoto vilevile. Ni huu mwaka tu banatuita bageni."

Karani akafumba macho muda mrefu. Akaandika, akapuliza. Kisha akasimama, akasoma kwa sauti iliyomfikia hata askari wa mlangoni:

"Gershomu. Muzaliwa wa Élisabethville."