Nilimwacha babu wa watu aonekane kachanganyikiwa ili nifiche mimba yangu

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo.

Leo naandika kitu ambacho mpaka sasa, ukiacha waliokuwepo, mume wangu tu ndiye anakijua chote. Na siyo chai ya kutunga. Ingekuwa chai ningejipa sehemu nzuri, na humu ndani sehemu yangu kubwa ni ya aibu.

Mimi ni nesi. Kwetu ni Moshi, maisha yangu yako Dar. Mwaka jana nilikuwa namhudumia mzee mmoja nyumbani kwake Kariakoo, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti inafanya kazi siku ikijisikia. Chini ni mikokoteni na spika za matangazo mpaka jioni, juu ndiyo yuko mgonjwa wangu.

Nitamwita Babu Fundi. Mtu wa Lindi, aliingia Dar akiwa kijana, akashona suti na kanzu hapo hapo Kariakoo mpaka kiharusi kilipomkuta. Mkono wa kulia ukagoma, mguu ukawa mzito. Kichwa kilibaki kizima kabisa. Hiyo ya kichwa ishikeni, tutaihitaji.

Aliyeniajiri ni binti yake, Mama Sele, anauza mapazia na mashuka ya jumla duka la chini kwenye jengo hilo hilo. Mama mkali, maneno machache, lakini kwa baba yake hasikii wala haambiwi.

Sasa mnawajua babu zetu. Binti mwenye umri wa mjukuu ni "mke wangu". Babu Fundi aliniita hivyo tangu siku ya kwanza. Akawa ananiuliza kama huyu mke wangu wa Kichaga amekuja kupima presha yangu au kupima ukubwa wa duka la mwanangu. Na mimi namwambia mume wangu punguza maneno, presha inapanda. Tukazoeana hivyo, mchana Mama Sele akiwa dukani; yeye utani huo hakuwahi kuusikia.

Kazi ilikuwa presha, dawa, kumwogesha, halafu mazoezi. Tulianza na hatua mbili za fremu ya kutembelea. Baada ya miezi kadhaa akawa anatoka kitandani mpaka balkoni peke yake, anasimama anaangalia mafundi wa chini na kuwasema. Huyu kakata vibaya, yule kola imempinda. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake.

Katikati ya hayo nikashika mimba.

Mimba ya kwanza, tuliitaka, tuliiombea. Ila mume wangu alikuwa ametoka kupunguzwa kazini, nyumba nzima inanitegemea mimi. Na mlinzi wa jengo alishaninong'oneza kwamba nesi aliyenitangulia alipata ujauzito akaondolewa.

Najua kuna mkuu hapa ameshaanza kuandika kwamba sheria inamlinda mjamzito. Mkuu, mkataba wangu ulikuwa wa mdomo, tuliufunga tumesimama katikati ya mapazia.

Basi nikaficha. Nilishonesha sare kubwa zaidi. Nilivaa sweta kwenye joto la Dar, nikiulizwa nasema nina mafua. Natapika huku nimefungulia bomba. Udongo ule wa kutafuna nilikuwa nanunua sokoni, naweka mfukoni, na nikisikia hatua za Mama Sele nameza bila kutafuna. (Wanawake mliopitia hapo mnanielewa. Wanaume endeleeni tu kusoma.)

Mimba ilipoingia mwezi wa tano, siku moja namfunga Babu vifungo vya shati, akaniangalia chini juu, akasema taratibu:

"Pindo lako la mbele limepanda. La nyuma liko pale pale."

Sikumwelewa. Akanieleza kwa utulivu wa mtu anayefundisha kazi: mwanamke akinenepa tu, gauni linapanda pande zote. Likipanda mbele peke yake, kuna mtu ndani. Hakuhitaji hata futi ya kupimia, ameshona watu miaka hamsini.

Nikacheka, nikasema ni sabuni, nguo imerudi kwa kufuliwa. Naye akacheka. Mimi nikajua yameisha.

Kumbe mwenzangu kafurahi. Jioni Mama Sele alivyopanda tu, Babu akampa habari: mke wangu ana mimba, niletee kitambaa kizuri nimfanyie gauni.

Mke halisi wa Babu, mama yake Mama Sele, alifariki zamani sana.

Yule mama alinivuta mpaka jikoni akiwa analia. Sikuwahi kumwona akilia. Akaniuliza kama ndiyo baba yake anaanza kupoteza kumbukumbu, kama anamwona marehemu.

Wakuu, hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikafungua mdomo nikasema, "Inatokea kwa wazee, mama. Tumwangalie kwanza."

Halafu nikafanya kibaya zaidi. Tulikuwa na daftari la mgonjwa, la kumwonyesha daktari wake anayekuja kila Jumatano. Nikaandika: "Mgonjwa anasema mke wake ni mjamzito. Mke alishafariki." Hakuna neno la uongo hapo, na bado ni uongo mtupu.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Babu anarudia maneno yake, watu wa nyumbani wanambembeleza anyamaze. Akininyooshea kidole aseme huyu hapa, wanaona ndiyo basi tena, sasa anamfananisha nesi na marehemu. Akipandisha sauti kwa hasira, Mama Sele ananiambia niandike na hiyo. Nikaandika.

Jumanne Mama Sele akampigia daktari simu kumsomea daftari, naye akasema kwa hali hiyo huenda akamwanzishia dawa ya kumtuliza. Wazee niliowaona wakipewa zile dawa wengi walikuwa wanalala mchana kutwa. Nilijua nani hatafika tena balkoni.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kumfanyisha Babu mazoezi. Nilipomvisha viatu vya mazoezi akaniuliza, "Kumbe hujawaambia?" Machozi yakanitoka, nikainama kufunga kamba. Hakuniuliza tena. Tulitembea mpaka balkoni, akawasema mafundi wake kama kawaida.

Jumatano daktari akaja, akakaa karibu na kitanda, Mama Sele amesimama mlangoni. Akamuuliza Babu leo siku gani. Akajibu. Hapa ni wapi. Akajibu, na akamwelekeza na njia ya mkato ya kutokea Msimbazi. Mke wako yuko wapi?

"Alifariki. Nilimzika mwenyewe Lindi."

"Sasa huyu mwenye mimba ni nani, mzee?"

Babu akaniangalia. Nilikuwa nimeshika daftari, nimeliziba tumbo nalo. Spika ya chini ilikuwa inatangaza mashuka ya Mama Sele.

Akageuka kwa daktari. "Labda nimechanganya," akasema. "Uzee huu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akatoa karatasi, akasema tutaanza na dozi ndogo.

Wakuu, mimi ni mwoga, nakiri. Lakini mtu mwenye akili timamu amekubali kuitwa chizi ili mimi nile. Nilishindwa kuvumilia.

Nikasema, "Daktari, usiandike. Hajachanganyikiwa. Mwenye mimba ni mimi." Nikavua sweta.

Daktari akaangalia tumbo, akaangalia daftari, akarudisha karatasi kwenye mkoba. Mama Sele alimsindikiza daktari mlangoni, akarudi. Nikamweleza maneno ya mlinzi, akaniambia kwamba mimba haimhusu, kwamba yule nesi wa kwanza aliacha mwenyewe, ngazi zilimshinda. Lakini yeye amelia wiki nzima akijua baba yake anampotea, na mimi namwangalia tu. Nilimwomba msamaha. Hakuupokea siku ile.

Akaniwekea daftari mezani. "Andika. Humo humo ulimomwandikia wazimu."

Nikaandika, na sahihi yangu chini: "Mgonjwa hajachanganyikiwa. Muuguzi ndiye mjamzito."

Nilitegemea kufukuzwa. Hakunifukuza. Siku tatu hakuitikia salamu yangu. Ya nne akapanda na kitambaa begani, cha kijani chenye maua meupe, akamwambia baba yake haya, mshonee mkeo.

Mkono wa Babu haushiki mkasi. Kwa hiyo akakaa kwenye kiti anatoa amri, Mama Sele anakata, anasemwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mimi nikaambiwa nisimame. Hakuna aliyenipima kwa futi.

Siku gauni linaisha nilimuuliza Babu kwa nini alisema amechanganya. Akasema yeye hata akiitwa chizi bado ana mwanawe, ana chakula, ana kitanda. "Wewe ungekuwa na nini, mke wangu?"

Sasa niko likizo ya uzazi, mtoto wa kike, ana wiki tano. Mama Sele ndiye wa kwanza kuja kutuona. Nafasi yangu ipo, Babu bado anafika balkoni.

Nilichojifunza ni hiki. Kazi yangu yote ni kuwaangalia wazee, na bado mzee ndiye aliyeniangalia mimi vizuri zaidi. Manesi wenzangu, mzee akisema kitu cha ajabu, kabla hamjaandika "amechanganyikiwa", mwulizeni mara mbili. Na mjiulize na nyie.

Uwanja ni wenu. Ushauri napokea, matusi nimeshajitukana mwenyewe. Na wale wa chai, gauni ninalo. Nimelivaa mpaka siku ya kwenda leba, na pindo la mbele halikupanda.