Afisa wa Majini na Kwaya ya Upande wa Pili

Nilipohamia kanisa la mke wangu, baba alipunguza maneno. Kule kanisani kwake nilikuwa mwalimu wa kwaya, na wazee wenzake walimuuliza kila Jumapili nimepotelea wapi. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, basi, tumemaliza mpaka wiki ijayo.

Lakini alizeti haijui madhehebu. Ilipokauka shambani kwake Kinyangiri, nilikwenda kumsaidia kuipiga. Tukakaa pembeni mwa turubai, kila mtu na fimbo yake, kimya. Mimi ni mwalimu wa historia, kimya kinaniwasha. Nikaanza kumsimulia habari za afisa mmoja wa jeshi la majini, wa karne ya kumi na tisa, niliyekuwa nimemsoma juma lile.

Nilimwambia aliingia melini angali kijana, akamtumikia mfalme mpaka akawa nahodha wa meli ya vita. Kisha watu wa koloni alikozaliwa wakaasi, wakitaka kujitawala. Akavua sare, akaenda kwao. Meli za vita hawakuwa nazo, kwa hiyo akafunga mizinga kwenye meli za mizigo.

Fimbo ya baba ikapunguza kasi. "Akapigana na wenzake?"

"Akapigana nao. Siku moja akakutana na meli aliyokuwa akiiongoza yeye mwenyewe zamani."

"Akaizamisha?"

"Hapana. Aliujua udhaifu wake, akaivunja usukani tu. Mabaharia wakajisalimisha wazima."

Baba akacheka mpaka akaweka fimbo chini. "Mjanja huyo!" Halafu akanitazama. "Na baba yake alisemaje?"

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu gani hicho! Mizinga wanaiandika, mzee wa watu wanamwacha."

Nikammalizia. Mfalme alimvua vyeo vyote. Nchi mpya ikamfanya mkuu wa jeshi lake la majini. Uzeeni aliwaandikia barua maafisa wenzake wa zamani. Wawili walimjibu.

"Wawili si haba," baba akasema, tukaanza kupepeta.

Nilipokuwa nawasha pikipiki niondoke, akauliza, akiangalia pembeni, "Huko kwenu mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu."

Jumapili alikuja na koti lake la harusi za watu, akakaa benchi la mwisho, akaondoka kabla ya matangazo. Mchana akanipigia simu.

"Besi zenu hafifu," alisema. "Na yule mrefu wa kulia anaimba wimbo wake mwenyewe."

Tuliongea mpaka simu yake ikaisha chaji.