Upande wa Mlango

Watu wakiniuliza kwa nini sikurudi kwaya, huwa nawaambia sauti iliisha. Uongo mtupu. Sauti ninayo, waulizeni majirani siku nikigombana na kuku wao. Kilichoisha ni uso wa kusimama mbele ya lile kanisa. Leo nitasema kwa nini, na ndugu zangu watakaosema naanika mambo ya nyumbani, wacha waseme.

Kanisa letu lilikuwa upande wa Kenya, mwendo mfupi kutoka Malaba ukishika njia ya kwenda Moding. Kuta za udongo, mabati juu, na rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ndiyo iliyokuwa kengele. Lakini kanisa mama lililotulea lilikuwa ng'ambo ya mto, Uganda. Sadaka yetu ilivuka kwenda huko, na mwalimu wa kanisa alivuka kutoka huko kila Jumapili kwa baiskeli, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo. Huyo mwalimu alikuwa babu yangu, baba yake mama. Ndiye aliyelianzisha kanisa letu la huku kabla mimi sijazaliwa. Mama alizaliwa kule akaolewa huku, na hakuna aliyeona ajabu. Sisi Wateso tuko huku na tuko kule, na mto ule wakati wa kiangazi unauvuka viatu mkononi, bado unamalizia maneno uliyoyaanzia ng'ambo.

Halafu, katikati ya miaka ya sabini, mkubwa wa Kampala akatangaza redioni kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni mali yake. Loo! Si Busia peke yake. Alitaka Kisumu, alitaka Nakuru, ilibaki kidogo tu adai na kitanda chetu. Mwanzoni tulicheka. Baba yangu, mkulima wa pamba na mzee wa kanisa, alisema kama mtu huyo analitaka shamba, aje aanze na palizi. Lakini vijana wa Busia mjini wakaandamana na matawi mikononi, na wenye maduka wakatundika picha ya Rais. Muuza nguo mmoja, Mwislamu, mzee wa watu aliyezaliwa Jinja, alitundika mbili, moja dukani na nyingine mlangoni kwake, asije mtu akamuuliza maswali. Hapo kicheko kikaisha. Sokoni, mama uliyenunua kwake ndizi tangu utoto, ukaanza kumsikiliza anavyotamka maneno, kama ni wa huku au wa kule.

Ndipo likazuka neno la kanisa kujitegemea. Wazee wengine walisema haifai kuombewa na watu wa upande unaotaka kutunyang'anya nchi. Wengine wakauliza, tangu lini Mungu ana kizuizi cha barabarani? Baba alikuwa wa kujitegemea, tena mstari wa mbele. Mama akamwuliza mezani, "Kwani baba yangu ndiye anataka nchi yako? Ana mbuzi na kikohozi, basi." Baba akasema hili si jambo la baba ya mtu. Tangu siku hiyo mama akawa anamwekea chakula bila kumwambia karibu, na baba akawa anakula bila kusema asante.

Kwaya ndiyo iliyoharibika kabisa. Mwalimu wa kwaya alitaka tujitenge. Mpiga ngoma, ambaye mke wake alitoka ng'ambo, hakutaka hata kusikia. Basi mwalimu akianzisha wimbo, ngoma inachelewa makusudi. Ngoma ikikolea, mwalimu anashusha mikono na kusema tumechoka, twende nyumbani. Watu hawa wawili walikuwa wamelima pamoja, zamu kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, miaka na miaka. Msimu ule kila mmoja alilima peke yake, na magugu yakawashinda wote wawili. Shangazi yangu, dada yake baba, naye akaacha kuingia kwetu. Akitaka chumvi, anamtuma mtoto.

Na mimi? Mimi nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa nimemaliza kozi ya taipu Kisumu, na ofisi ya forodha pale Malaba ikaniita kwa mahojiano. Wakaniambia, dada, nenda nyumbani ungoje. Nikangoja. Mvua ikaja, nikangoja. Kila nikipita sokoni watu wananiambia, "Wanakuchunguza wewe. Kazi ya mpakani si mchezo. Wanataka kujua ukoo wako umelalia wapi." Niliwaamini. Nani asingeamini wakati ule, kila mtu akimpima mwenzake?

Mimi ndiye niliyeyaleta maneno hayo nyumbani. Mama alikuwa anapepeta wimbi uani. Nikasimama mbele yake, nimenuna, nikamwambia, "Hawataniajiri. Wataniajirije, na babu ni wa kule, na wewe unamng'ang'ania?" Mama akaacha kupepeta. Akaniuliza, "Nani amesema?" Nikamwambia kila mtu anasema. Akainamia ungo wake, akaendelea na kazi yake. Neno hilo, unamng'ang'ania, nililisema kwa mdomo huu, kumwambia mwanamke juu ya baba yake mzazi. Mpaka leo nikilikumbuka natamani kujipiga kofi.

Jumapili ya kuamua ikafika. Kwetu hatukuwa na mambo ya karatasi. Hata mzee wa kanisa tulimchagua kwa kusimama, unakwenda upande wa yule unayemtaka, kila mtu anakuona, imekwisha. Babu alikuja. Malori yalikuwa yamezuiwa pale barabarani, lakini yeye alivukia chini, kwenye kivuko cha watu wa miguu, akaingia kanisani suruali imelowa mpaka magotini. Akavaa kanzu yake nyeupe juu ya suruali ile mbichi, akaomba sala ya kufungua. Aliombea nchi zote mbili. Kisha akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akakohoa kidogo, akatulia.

Mzee aliyeongoza akatangaza. Wanaotaka kujitegemea, waje upande wa mlango. Wanaotaka kubaki na kanisa mama, wakae upande wa madhabahu. Baba akawa wa kwanza kuja mlangoni. Mwalimu wa kwaya akafuata, na wanaume wengi. Mpiga ngoma akaenda madhabahuni, akakunja mikono. Mimi sikusita hata kidogo, nilikwenda mlangoni haraka, kifua mbele, kama mtu aliyeitwa jina.

Wanawake hawakuinuka. Walikuwa wamekaa mikekani kwao, upande wa madhabahu, wanamtazama mama. Kila mmoja alikuwa anafikiria jambo moja, nami nilijua. Binti wa mwalimu wa kanisa akibaki, sisi ni nani tuondoke? Babu alikuwa anatazama Biblia yake. Mama akageuza kichwa, akanitafuta pale mlangoni mpaka akaniona. Ningeweza kutazama chini. Haki ya Mungu, ningeweza, na naamini angebaki pale pale. Sikutazama chini. Nilimkazia macho.

Mama akainuka, akakung'uta leso yake, akaja upande wa mlango. Nyuma yake wakaja wanawake karibu wote, wengine wakilia, wengine wakiwavuta watoto. Kule madhabahuni walibaki mpiga ngoma, mkewe na wazee wachache. Babu akainua uso akaona. Akasimama, akasema "Eyalama", yaani asante kwa lugha yetu, kana kwamba tumemkaribisha chai. Akavua kanzu, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa baiskeli. Siku zote mama alikuwa akimsindikiza mpaka mtoni, akisukuma ile baiskeli yeye mwenyewe. Siku hiyo alisimama tu mlangoni akamtazama mpaka akapotea kwenye mihogo.

Njiani kurudi nyumbani, baba ametangulia mbele na wenzake wakipongezana, mama akanishika mkono. Akasema, "Sasa watakuchukua."

Na kweli walinichukua. Wiki haikwisha, mtu wa forodha akaja na baiskeli kuniambia niripoti kazini. Mama alipiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa shangazi, naye shangazi akaja mwenyewe, si mtoto. Mama alinishonea sketi ya kijivu. Kila asubuhi aliniamsha, akanipa uji, akanitazama nikitoka. Kwa baba alianza tena kusema karibu chakula. Nikajiambia, basi, yamepita.

Bosi wangu alikuwa mzee wa Pwani, mcheshi, mpenda kahawa. Siku moja tunazungumza mambo ya ule wasiwasi wa mpakani, nikajifanya hodari, nikamwambia sisi wa kwetu tulikuwa wazalendo, hata kanisa tulilikata likajitegemea, hata binti ya mwalimu mwenyewe alikuja upande wetu. Nikamwambia najua ndiyo maana nilipita uchunguzi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Uchunguzi gani, mwanangu? Wewe jina lako lilipita siku ile ile ya mahojiano."

Nikamwuliza mbona basi mlinikalisha nyumbani kiasi kile. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Taipureta! Iliyokuwapo ilikuwa mbovu, na mpya tuliagiza, nayo ikakawia njiani. Ningekuita uje upige taipu kwa vidole juu ya meza?" Akaipiga mashine yangu kofi la upole. "Bibi mkubwa huyu ndiye uliyekuwa unamngoja."

Nilicheka naye. Nilicheka kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Kisha nikaenda nyuma ya ghala la magunia nikatapika uji wa mama.

Sikumwambia. Kila siku nilisema kesho. Nikifika nyumbani namkuta anawasimulia wanawake wenzake jinsi mtoto wake anavyoandika barua za serikali, na jinsi yeye alivyofanya alilofanya, ingawa moyo ulikataa. Alikuwa anasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyelipa na akapewa mzigo wake. Ningeanzia wapi?

Babu akafa msimu wa pamba. Habari ilivushwa na mwuza samaki. Mpakani hali ilikuwa bado mbaya, lakini mimi nilikuwa najulikana na askari wa pande zote mbili, nikamwombea mama njia akapita. Mimi sikwenda. Nilisema kuna kazi nyingi. Kazi ipi? Nilikaa mbele ya taipureta ile bila karatasi, wenzangu wakidhani naomboleza.

Kwetu, mazishi yakiisha, wenye msiba hunyolewa pamoja. Watoto wa marehemu, ndugu zake, wajukuu, wote hukaa chini, na wembe unapita kichwa kwa kichwa. Ndivyo watu wanavyoonyesha kwamba huyu aliyeondoka alikuwa wao. Mama alikaa kwenye mstari na ndugu zake, akafungua kitambaa. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, akaushika mkono wa mwenye wembe. Akasema, "Huyo mrukeni. Huyo alishasimama na waliomkataa baba." Wakamruka. Wembe ukaenda kwa wa pili yake.

Haya yote alinisimulia mwenyewe. Lakini nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu nilimwona anakuja pale kwenye kizuizi mchana, kitambaa mkononi, kichwa wazi, nywele zake zote zipo. Mama yangu, aliyekuwa hafungui kichwa hata mbele ya shemeji zake, alipita katikati ya madereva na wabeba mizigo namna ile. Mwanamke mmoja wa kwetu alipomwona alifunika mdomo. Nikaomba ruhusa, nikampeleka nyumbani.

Uani akavuta kigoda, akakaa. Akaingiza mkono kifuani, akatoa wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Alikuwa ameununua sokoni njiani. "Ninyoe wewe," akasema. Hiyo si kazi ya mtoto. Alijua, nami nilijua. Nikamwambia, "Mama, tumwite hata shangazi." Akasema, "Shangazi yako si wa baba yangu. Wewe ni wa baba yangu. Ninyoe."

Nikachota maji, nikamlowesha kichwa, nikaanza nyuma ya sikio. Akaniambia pole pole, usinikate. Kulikuwa na mvi nyingi ambazo sikuwahi kuziona. Zilikuwa zinaangukia mabegani mwake, naye anazipangusa moja moja. Nikavuta kamasi. Nikasema moyoni, sasa. Mwambie sasa, angalau ajue ana haki ya kukuchukia.

Ndipo akasema mwenyewe, bila kugeuka, "Usilie. Kaka yangu ana hasira tu. Yeye hana mtoto wa kusoma, hawezi kuelewa." Akapangusa nywele begani. "Baba alielewa. Aliniambia asante, ulimsikia? Alijua ni kwa ajili yako. Ningebaki upande wake siku ile, leo ungekuwa wapi? Niambie. Si ungekuwa bado unangoja?"

Wembe ulikuwa juu ya utosi wake.

"Ningekuwa bado nangoja, mama," nikamwambia, na nikaendelea kunyoa.