Kadi ya Mjomba

Nina ugonjwa wa kiherehere. Mama yangu alinionya nikiwa mdogo, mume wangu ananikumbusha kila siku, na bado Agosti iliyopita, mwaka wa tohara kule Bungoma, nilijipeleka mwenyewe kwa miguu yangu kutafuta aibu. Hata leo nikipiga ganda la mahindi pasi, uso hunichoma.

Ndiyo, napiga maganda ya mahindi pasi. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Shule niliyokuwa sekretari ilifungwa, nikakaa nyumbani hapa Kitale mpaka nikaanza kugombana na kuku. Ndipo nikaanza kutengeneza kadi: za harusi, za pole, za kumtakia mtoto heri ya mtihani. Nachukua ganda la ndani, lile laini, nalilowesha, nalipiga pasi likiwa na unyevu hadi linyooke, kisha nalikata maua na kuyabandika kwenye karatasi ngumu ya manila. Meza yetu imejaa gundi na vipande, kwa hiyo tunakula sahani zikiwa mapajani. Akina mama wa kanisani walinicheka. "Ati unauza maganda? Si hayo ng'ombe hula?" Nilicheka nao, lakini iliniuma sana. Nilitaka mtu mmoja tu wa mbali, asiyenionea huruma, aniagizie kazi kubwa ili wanyamaze.

Mtu huyo akapatikana. Alikuwa mama wa Bungoma mjini, mfanyakazi wa ofisi, aliyeona kadi yangu kwenye harusi moja ya huku kwetu. Kijana wake alikuwa anatahiriwa, naye alitaka kadi za kuwaalika wenzake wa kazini na watu wa kanisa lake. Kwenye simu alikuwa mchangamfu. Alinieleza sherehe yote, hema, wapishi, hadi kaka yake wa Mabanga ambaye angechinja ng'ombe. "Ukinifanyia kazi safi," akasema, "harusi za Desemba za huku nitakuletea wewe." Haki ya Mungu, nililala nikitabasamu.

Aliponitumia majina, la kaka yake halikuwemo. Woi! Nikasema huyu mama amesahau mtu wa maana kuliko wote. Mtu achinje ng'ombe mzima halafu akose kadi? Sisi ambao wazazi wetu walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, mtu ukimletea kadi mkononi umemheshimu kweli. Na vijana wetu tunawapeleka hospitali Desemba, wanarudi, wanapikiwa, basi. Mambo ya wenzetu yanakwendaje, sikujua. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Nilimtengenezea mjomba kadi kubwa, ya bure, yenye ng'ombe wa maganda na pembe za gome la mgomba. Sijawahi kutengeneza nyingine nzuri hivyo.

Siku ya kupeleka mzigo Bungoma nilishuka Mabanga kwanza, nikaulizia boma lake. Nilimkuta kwenye zizi amevaa gambuti, anapimia ng'ombe chakula, mwanamume wa miaka hamsini hivi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mkewe na majirani walikuwa uani wanachambua maharagwe. Nikampa kadi kwa mikono miwili. Aliifungua, akaisoma, akanitazama.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni mwaliko, mzee. Wa tohara ya mpwa wako."

"Kwani mpwa wangu amevunjika mguu?"

"La, mzee."

"Ni mgonjwa?"

"La."

"Sasa mbona wewe ndiye unanialika?"

Mkewe alifunika mdomo kwa kiganja. Mikono yote kwenye maharagwe ikasimama. Mzee akainua kadi juu ili kila mtu aione.

"Kijana wetu anakuja kunialika mwenyewe, na miguu yake, na kengele mikononi. Anafika hapa, namtukana, namwambia ni mwoga. Halafu nachinja, namvalisha nyama ya kifua shingoni, anaenda nayo nyumbani akakatwe. Sasa hii karatasi, bana, nyama nitaivalisha wapi?"

Wakacheka. Jamani, walicheka! Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee mwenyewe hakucheka. Alikunja kadi, akaitia mfukoni. "Mwambie dada yangu mwaliko umefika. Kijana asisumbuke kuja. Na ng'ombe wangu atabaki zizini."

Bila ile nyama ya mjomba, kijana hangetahiriwa. Hilo nililielewa njiani, polepole, huku mzigo wa kadi ukinilemea mkononi.

Nilipofika Bungoma, kaka mtu alikuwa ameshapiga simu. Mteja wangu hakunikaribisha hata kiti. "Nani alikutuma kwa kaka yangu?"

"Hakuna aliyenituma. Nilidhani umemsahau."

"Nimsahau mjomba wa mtoto wangu!" Alisema hivyo taratibu, na afadhali angepiga kelele. "Kijana alikuwa aende kwake siku ya mwisho kabla ya kukatwa, kama kila mtoto. Sasa ataonekana ametuma karatasi kwa sababu anaogopa. Wewe ndiye utaenda kusema, mbele ya watu, kijana akiwepo. Asipochinja, usirudi hapa."

Ningeweza kutoroka Kitale nikazima simu. Nilifikiria hivyo, sitadanganya. Lakini mtoto wa watu angebeba aibu yangu.

Basi siku ya kwenda kwa mjomba nikawatangulia. Nyuma yangu kijana alikuwa anakimbia kifua wazi, akigonga kengele zake, zile wanaita chinyimba, na umati unaimba. Mzee alikuwa amesimama langoni, mikono kifuani. Uimbaji ukakatika. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wangu, nikapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupiga.

"Mzee, ile karatasi ni yangu. Kijana hakujua. Dada yako hakujua. Kiherehere ni changu peke yangu. Mwaliko wako ndio huu, umekuja na miguu yake."

Mzee alishusha mikono yake. Kisha akanipita, akasimama mbele ya kijana, akaanza kumtukana. Aliyatukana meno yake, magoti yake, ukoo wote wa baba yake. Watu wakapiga vigelegele, nami nikajua ng'ombe atachinjwa. Nililia pale chini bila kujificha.

Nilidhani yameisha. Lakini wakati wa kurudi, nyama imening'inia shingoni kwa kijana, kiongozi wa nyimbo akatunga wake papo hapo: karatasi imetangulia mtoto, Mama Karatasi ametoka Kitale, Mama Karatasi ameogopa badala ya mwanaume! Umati ukaitikia. Watoto waliocheka hadi machozi wakaja kunichungulia usoni. Wimbo huo ulitembea Mabanga hadi Bungoma mjini, nami nikiwa katikati yake nikitazama viatu vyangu. Kijana alitahiriwa asubuhi yake, akasimama imara, na mamaye akanilipa bila kuniangalia.

Nyumbani sikumsimulia mtu. Nilisema kadi zilipendwa.

Halafu Novemba, nikiwa mezani nabandika maua, mume wangu kando, na akina mama wawili wa kanisani wamekuja kutusalimia, simu ikalia. Mikono yangu ilikuwa na gundi, nikaiweka kwenye spika.

"Hujambo? Naongea na Mama Karatasi?"

Wote wakanitazama.

"Napiga kutoka Kibabii, huku Bungoma," mwanamke akaendelea. "Binti yangu anaolewa, tunataka kadi zako za maganda. Nyingi. Lakini tafadhali, mama, kwa wazee tutaenda wenyewe. Ni wewe, ama nimekosea namba?"

Mume wangu aliinua nyusi. Mmoja wa wageni alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Hujakosea," nikasema. "Ni mimi."