Mwanangu Abdulmajidi na Watoto Waliokimbilia Lori

Mwanangu wa pili, Abdulmajidi, ni dereva wa lori. Nalisema hilo kwa fahari, na Mwenyezi Mungu anisamehe kama fahari imezidi. Alishika usukani mwaka wa tisini na mbili, wakati biashara imeshafunguliwa na watu binafsi wanaruhusiwa kununua mazao na kuyapeleka wanakotaka. Tajiri wake, Bwana Antipasi wa Singida mjini, alinunua lori la tani saba akamkabidhi. Akienda Dar es Salaam alibeba vitunguu. Akirudi alileta sabuni, sukari na mitumba.

Mimi nauza chai na maandazi hapa Ikungi, kando ya barabara, ng'ambo ya shule ya msingi. Majidi akipita alinipigia honi tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yake, maana si kila safari aliweza kusimama. Nami niliitikia marahaba nimeshika birika, wateja wakanicheka. Na kwa kuwa ana mkono wa kutoa tangu utoto, akirudi alinunua machungwa Morogoro, akifika shuleni akayarusha dirishani watoto wayagombanie. Wao hawakujua siku gani anakwenda na siku gani anarudi. Honi ikilia, mbio barabarani. Nilitazama nikifurahi. Sikuona ubaya wowote.

Mwaka wa tisini na nne, siku moja saa ya mapumziko, lilikuja lori jingine. Dereva wake alikuwa Paskali, kijana wa Manyoni, mteja wangu, mtu wa utani sana. Mbuzi walikuwa wanavuka, akawapigia honi. Watoto wakasikia honi, wakatoka. Nilisikia breki, kisha vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia nikamwona Aneth wa darasa la pili amelala kifudifudi, na tairi la mbele limesimama hatua moja kutoka miguuni pake. Alhamdulillahi, alichubuka magoti tu.

Paskali alikuja kukaa kwenye benchi langu. Nilimpa chai, nusu ikamwagikia suruali.

"Mama," akasema, "watoto wa kwingine wakisikia honi wanalikimbia lori. Wa hapa wanalikimbilia. Nani kawafundisha?"

Nilijua ni nani.

Majidi aliposimama Alhamisi ya wiki ile, nilimweleza yote bila kuficha. Akaweka kikombe chini.

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe, mwanangu. Na mimi niliyekuwa nikikuchekea."

Hakumaliza chai. Akavuka kwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Dorika, akaomba watoto wapangwe mstari. Nilimfuata. Nikamwona mwanangu, mtu mzima mwenye mke, amevua kofia mbele ya watoto wadogo.

"Nimewakosea," aliwaambia. "Niliwapa machungwa, kumbe nawafundisha kukimbilia gari. Kuanzia leo mkisikia honi, yangu au ya mtu mwingine, rudini nyuma mpaka kwenye ua wa minyaa. Machungwa nitampa Mwalimu, atawagawia darasani."

Watoto wote wakaitikia ndiyo. Lakini tuliwajua watoto wetu. Wiki iliyofuata Majidi alisimamisha lori mbali, kabla ya nyumba ya kwanza, akazima injini, ndipo akapiga honi zake tatu, ili mimi na Mwalimu tuone. Wakatoka karibu wote. Akaja kwa miguu, akayarudia maneno yake taratibu bila kumgombeza hata mmoja. Wiki ya pili wakatoka kumi na mmoja. Ya tatu, wanne. Na kila mara saa nzima imepotea, vitunguu viko juani.

Madereva wenzake hawakumwacha. Samweli, anayebeba alizeti, alimsimanga hapa hapa kibandani kwangu.

"Shehe, umeacha lori umefungua chekechea?"

"Mwache," Paskali akamwambia. "Wewe hukuliona lile tairi."

Tajiri naye akamwambia kwamba akichelewa tena aache funguo mezani. Majidi alinieleza akiwa ameinama, na mimi nikafikiria wanawe wawili na kodi ya nyumba.

"Sasa utafanyaje, baba?"

"Bado wanne wanatoka, mama."

Usiku ule nilimwombea kwa muda mrefu.

Wiki ya nne lori lilisimama mahali pake, nikaona Bwana Antipasi yuko ndani, amekuja mwenyewe. Nikasema moyoni, leo ndiyo kazi imekwisha. Honi ikalia, lakini si tatu. Ilikuwa moja ndefu, ya hasira. Baadaye Majidi aliniambia kwamba alimweleza tajiri sababu ya kusimama pale, kisha akamwambia, "Piga wewe, tajiri, uwaone."

Watoto wakarudi nyuma mpaka kwenye minyaa. Kitoto kimoja cha darasa la kwanza kikapiga hatua mbili kuelekea barabarani. Aneth akakishika sweta, akakivuta nyuma. Hakutoka mtoto hata mmoja.

Bwana Antipasi alikuja kwa miguu, akakung'uta vumbi la viatu vyake, akaomba chai. Nikamwandalia. Akawatazama watoto ng'ambo.

"Mama, dereva wako anachelewa mno."

"Ni kweli, baba. Anachelewa."

Akamaliza kikombe, akamgeukia Majidi.

"Kuanzia wiki ijayo utoke Singida mapema saa nzima. Mapumziko yao yakifika, uwe umeshapita."

"Sawa, tajiri."

"Na madereva wawili wapya niliowaajiri, uwaambie wewe habari ya watoto hawa. Mimi hawatanielewa."

Walipoondoka, Majidi aliipita shule kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilisimama kwenye mlango wa kibanda, sikuona haya kufuta machozi mbele ya wateja.