Unyevu wa Chumba cha Bibi

Ilianza Alhamisi, saa kumi na moja kasoro robo jioni. Nilikuwa ndiyo nimetoka shule, hata sare sijavua, mama akaniita kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya kufoka. Alikuwa amesimama kwenye chumba cha bibi, kainua pembe ya godoro kwa vidole viwili.

"Gusa hapa."

Nikagusa. Lilikuwa limelowa. Mkeka chini yake umelowa, na sakafu chini ya mkeka, ambayo ni ya udongo, inang'aa.

"Jana hivi, leo hivi," mama alisema. "Nimeshampigia shangazi yako. Kesho asubuhi anakuja na gari la mumewe, anamchukua akakae naye Kasulu."

Bibi ni mama mzazi wa baba, na baba yuko machimboni Kahama, anarudi anapopata. Zamani bibi alilala kitandani. Alipoanguka wakati wa kiangazi, mama akamshushia godoro chini. Jioni hiyo alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda pembeni mwa jiko, na maneno yote alikuwa anayasikia.

"Mimi sijakojoa," alisema.

"Basi nimekojoa mimi, mama?"

"Wewe sijui. Mimi mkojo wangu naujua, nimekaa nao tangu sijaolewa."

Siku nyingine ningecheka. Lakini alikuwa anavuta kanga yake kufunika uso.

Lazima nieleze kuhusu Kasulu. Nyumba ya shangazi ni nzuri, ina saruji na umeme, ila ni nyumba ya mkwe. Kwa watu wa umri wa bibi, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Wakikutana njiani, bibi anapinda, anapita kwenye majani mpaka mkwe apite. Sasa ndiyo apelekwe kwake, tena kwa sababu hii.

"Godoro langu lianikwe uani kwa mkwe wangu," bibi alisema, kama anajisemea. "Atoke asubuhi kwenda kazini alione. Afadhali nife hapahapa."

Mama alianza kukunja vitenge vya bibi na kuvitia kwenye begi, akaniambia nipanguse sakafu.

Nitasema ukweli: mimi pia niliamini. Nilishika tambara nikasikia kinyaa, nikawa napumua kwa mdomo. Nilipofika karibu na ukuta wa nyuma nikasahau, nikavuta hewa kwa pua. Harufu ilikuwa kali, ya uchachu. Mkojo nao unachachuka. Lakini hii nilikuwa naijua kutoka mahali pengine, nikabaki nimechuchumaa palepale naitafuta, mpaka ikanijia. Ndivyo vidole vyangu vinavyonuka siku tunapoopoa kivunde.

Kivunde ni mihogo tunayoivundika majini siku kadhaa mpaka ilainike, ndiyo tuianike na kusaga. Watu wengi huvundika bondeni. Sisi tuliibiwa huko, mama akakasirika, akachimba shimo lake nyuma ya nyumba, upande wa juu wa mteremko, karibu na dirisha la bibi ili mwizi aogope. Siku ile nilimsaidia kutoa udongo. Juu ulikuwa rahisi, tifutifu ya kahawia inayovunjika mkononi kama ugali uliopoa, na mizizi ya mahindi imejaa. Shimo lilipofika magotini jembe likagonga, likarudi. Chini yake kuna udongo mwingine kabisa, wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, umeshikana kiasi kwamba ukiupiga unatoka vipande vyenye pembe. Mama akafurahi. "Hapa maji hayaendi popote," alisema, na kweli, tulimimina ndoo kadhaa, kesho yake maji yalikuwepo yote.

Udongo wa kwetu ndivyo ulivyo. Mgeni akipita anausifu kwa ule wa juu. Sisi tunaolima tunajua kwamba mvua zikizidi mahindi yanageuka njano yamesimama majini, na zikikatika wiki moja tu yanakunja majani, kwa sababu mizizi ilishindwa kushuka. Hata muhogo ukifika pale unapinda, unakua kwa ubavu. Darasani mwalimu wa jiografia aliuliza: maji yakishindwa kupenya tabaka la chini, yanakwenda wapi? Jibu nilikuwa nalo: yanakwenda ubavuni. Sikunyoosha mkono. Huwa sinyooshi.

Na chumba cha bibi ndicho kilichochimbwa ndani ya mteremko nyumba ilipojengwa, ili sakafu ilingane. Sakafu ile imekalia udongo wa kijivu, na shimo tulikuwa tumelijaza maji mpaka kwenye ule wa juu.

"Mama," nilisema. "Inanuka mihogo."

"Mkojo wa mzee ndivyo unavyonuka. Panguseni huko, mvua inakuja."

Alisema "panguseni" kama vile tuko wengi. Nilijua nikibishana nitashikwa na kigugumizi na yeye ataondoka. Nikatoka na jembe, nikazunguka nyuma. Mawingu yalikuwa yameshuka na mwanga ulikuwa unakwisha. Nikachimba katikati ya shimo na ukuta. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa pamoja: nisikute maji, bibi aende kwa mkwe wake, au niyakute, halafu nilazimike kusema.

Jembe likagonga pale kwenye ugumu. Nikasubiri. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha udongo wa juu ukaanza kutoa jasho upande wa juu, uliko shimo, pale hasa tabaka mbili zinapokutana, maji yakachuruzika na kutuama juu ya ule wa kijivu. Yalikuwa meupemeupe, kama ya shimoni.

"Unachimba nini saa hizi?" Mama alikuwa nyuma yangu.

Nikaonyesha kwa kidole. Aliinama, akachovya, akanusa. Akachovya tena. Kisha akaenda ukutani, akachukua kijiti akadunga tofali la chini kabisa. Matofali yetu ni mabichi, hayakuchomwa. Kijiti kikaingia chote.

Alikizungusha mle ndani mpaka matone ya kwanza yakaanza kuanguka.

"Bibi yako analala kwangu leo," alisema. "Na hili usimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Shangazi yako ameshapanga safari. Huko kuna saruji, hatapata baridi. Mimi nimechoka, mwanangu. Unaniona nilivyochoka?"

Nilimwona. Ndiyo ilikuwa ngumu. Mama ndiye anayemwogesha, anayemtafunia nyama, anayeamka akikohoa. Usiku ule mvua ilinyesha. Bibi alilala kitandani kwa mama akiwa ameupa mlango mgongo, na amevaa nguo za safari tayari, kama mzigo uliokwisha kufungwa.

Asubuhi nilikagua shuka kabla ya mtu yeyote. Lilikuwa kavu.

Shangazi alifika tukiwa tunakunywa uji. Hakuzima hata gari. "Mwakeye," alisalimia kwa Kiha, akapiga magoti mbele ya bibi na kumwambia polepole, kama anayemwambia mtoto, "Mama, usione aibu. Nimekununulia nepi, zipo za watu wazima. Hata mkwe wako anajua, hana neno."

Bibi alifumba macho. "Umemwambia," alisema.

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Nilisubiri aseme. Nilimpa muda, naapa. Shangazi akainua begi.

"Hajakojoa," nilisema.

Shangazi akageuka. "Nini?"

"Bibi hajakojoa. Ni maji ya mihogo. Yameshindwa kwenda chini, yamepita ubavuni mpaka ndani. Leo amelala kitanda kingine na shuka ni kavu. Mama anajua." Maneno hayo ya mwisho yalitoka yenyewe, na nikaona shingo ya mama ikikaza.

Gari lilikuwa linanguruma barabarani.

"Ni kweli?" shangazi alimuuliza.

"Ni kweli," mama alisema. "Ni shimo langu." Akaweka kikombe chini. "Mama, nisamehe."

Bibi alifumbua macho. "Nilikwambia naujua wangu," alisema. Kisha akamwambia shangazi, "Nenda kazime hilo gari, linakula mafuta bure."

Mama alikwenda nyuma kuopoa mihogo, migumu bado, akiitupa kwenye beseni kwa nguvu. Hakunitazama. Nilivua viatu vya shule, nikashika jembe, nikaanza mtaro upande wa juu wa nyumba, kuukata udongo mpaka kwenye ule mgumu ili maji yapate njia ya kwenda kwenye migomba. Baadaye kidogo shangazi alikuja amekunja sketi, kashika koleo, akauliza aanzie wapi. Nikamwonyesha.